Kaunta ya Epoksi: Maswali Ninayoulizwa Jikoni za Nakuru na Kisumu

Kazi yangu ni kumalizia jikoni. Naishi Nakuru, na Kisumu naenda kila ninapoitwa. Siku hizi mteja hufungua simu kabla hajafungua mdomo: ananionyesha kaunta nyeupe yenye mishipa ya kijivu, inang'aa kama maji yaliyotulia, halafu anauliza kama slabu yake ya zamani inaweza kuwa vile. Inaweza. Lakini kuna mambo ambayo picha haisemi, na nimeyaandika hapa jinsi ninavyoyaeleza nikiwa nimesimama jikoni kwa mtu.

Epoksi ni kitu gani hasa?

Ni vimiminika viwili, rezini na hadina, yaani kigandishi chake. Kila kimoja kikiwa peke yake hukaa mkebeni miezi mingi bila kuganda. Vikikutana kwa kipimo chake vinaanza kushikana, vinatoa joto, na baada ya saa kadhaa vinakuwa kitu kimoja kigumu kisichoweza kurudi kuwa majimaji. Ndani yake hutiwa rangi au unga wa kumetameta, na fundi mwenye mkono mzuri ataifananisha na marumaru.

Epoksi si kaunta. Ni ngozi ya kaunta. Inamwagwa juu ya kitu kilichopo, iwe zege, vigae, plaiwudi au mbao, na unene wake wa kawaida ni milimita 3 hivi. Slabu ikipasuka, ngozi itapasuka nayo. Kwa hivyo nyumba iliyojengwa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, kagua kwanza nyufa za ukuta unaobeba slabu. Ufa unaoendelea kupanuka hauzibwi na rangi.

Inashinda graniti na terazo kwa lipi?

Hubomoi chochote. Slabu yako inabaki mahali pake, sinki na mabomba hayaguswi sana, na jikoni haigeuki kuwa mjengo wa wiki tatu.

Haina viungo. Kutoka pembe hadi pembe hakuna mfereji wa kunasa unga na mafuta kama ule ulio kati ya vigae. Hili nalipenda hasa kwa jikoni za Kisumu, ambako ngege na mbuta huparuliwa magamba na kupasuliwa hapo hapo kando ya sinki. Damu na shombo haziingii ndani. Unafuta kwa sabuni na maji na harufu inaondoka. Graniti ina vitundu vidogo sana na huhitaji kupakwa dawa ya kuviziba kila baada ya muda.

Tena ni nyepesi. Graniti ya sentimita 2 ina takriban kilo 54 kwa kila mita ya mraba, ilhali epoksi ya milimita 3 haifiki hata kilo 4. Kama kaunta yako imekaa juu ya kabati za MDF, zile mbao za unga wa mti ulioshindiliwa, ambazo zimeanza kulegea, tofauti hiyo ni kubwa.

Kwa moto na kwa kisu, hata hivyo, graniti inaishinda epoksi wazi kabisa. Na terazo iliyomwagwa na kusuguliwa vizuri na mafundi wetu wa kawaida hukaa miongo. Mwenye terazo nzima asiyependa rangi yake tu, mimi humshauri aite mtu wa kuisugua upya kabla ya kuifunika.

Naweza kutua sufuria ikiwa moto?

Hapana. Swali hili ningependa liulizwe kabla ya swali la rangi.

Epoksi nyingi za kaunta zilizoganda kwa joto la kawaida la chumba huanza kulainika kati ya nyuzi 50 na 65. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na maji ya ugali huchemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi. Kisumu, iliyo chini zaidi, ni karibu 96. Mafuta ya kukaangia samaki yanapita 170. Hata sufuria ya chai, basi, ina joto la kutosha kuidhuru. Kuna epoksi zilizotengenezwa kuvumilia joto zaidi, na mikebe mingine imeandikwa nambari kubwa, lakini mara nyingi nambari hiyo ni ya mguso mfupi. Sufuria iliyoachwa dakika kumi ugali ukitulia ni jambo lingine.

Kaunta ya pili niliyomwaga maishani mwangu ilikaa siku nne tu ikiwa safi. Siku ya tano mama mwenye nyumba alisonga ugali wa watu wanane, akaipua sufuria na kuitua pale pale alipozoea kuitua kwenye zege. Alipoiinua ilinata kidogo, ikatoa sauti kama ya plasta inayobanduliwa kwenye ngozi, na ikaacha duara. Ukingo wake ulikuwa umeinuka, unaweza kuuhisi kwa ukucha, na katikati palikuwa pamefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Alijilaumu sana. Kosa lilikuwa langu: sikuwa nimemwambia.

Tangu siku hiyo siondoki kwa mteja kabla ya kuongea na mtu anayepika, hata kama anayelipa ni mwingine. Watu wa magharibi mwa Kenya wanaijua ngata, ule mviringo wa majani makavu ya mgomba wa kukalishia chungu. Kaunta ya epoksi inadai ngata kila mara, au kibao cha mbao, au kigae kilichobaki. Afadhali zaidi, kando ya meko naacha sentimita 40 bila epoksi na kuweka hapo kigae au kipande cha graniti. Mkono unajua pa kutua sufuria bila kufikiri. Jiko la makaa lisiwekwe juu yake hata likiwa na sahani chini. Epoksi ikipata joto kali huungua na kutoa moshi mbaya.

Ni kweli hugeuka njano?

Ni kweli. Mwanga wa jua huibadilisha polepole, na joto la meko huchangia. Ikweta inapita Maseno, karibu kabisa na Kisumu, kwa hivyo jua letu si la mchezo. Epoksi nzuri huwa na dawa ya kuchelewesha hali hiyo. Kuchelewesha, si kuizuia. Kama dirisha lako linaangalia magharibi na jua la saa kumi linalala juu ya kaunta, usichague nyeupe tupu. Kijivu, kahawia au rangi ya mchanga huficha unjano vizuri. Pia unaweza kupaka juu tabaka la poliyurethani lisiloathiriwa na jua, ambalo pia huongeza ugumu dhidi ya mikwaruzo. Kaunta ya nje, ya kuchomea nyama, siifanyi kwa epoksi.

Na kisu?

Tumia kibao cha kukatia. Kisu kitaacha mstari, na mtungi wa gesi ukiburutwa juu yake utaacha mfereji.

Chakula kikigusa kaunta, ni hatari?

Epoksi iliyochanganywa kwa kipimo sahihi na kuganda kabisa haina shida kwa chakula kugusa mara moja moja. Hatari iko kwenye ile ambayo haijaganda vizuri. Ukipita siku kumi na bado mahali fulani panashika kidole, usiweke chakula hapo: kuna kemikali ambazo hazijapata mwenzake wa kushikana naye. Panapaswa kukwanguliwa na kumwagwa upya, na fundi asikwambie kwamba patakauka polepole. Hapatakauka.

Angalia pia kama mkebe unasema bidhaa imekubaliwa kwa nyuso zinazogusa chakula, na kama kuna masharti ya siku ngapi za kusubiri. Epoksi ya sakafu ya gereji si lazima iwe imepimwa kwa jambo hilo.

Kwa nini fundi anadai pesa za glavu na barakoa?

Mlipe. Tafadhali sana, mlipe.

Rezini na hadina zikiwa mbichi huingia kwenye ngozi. Leo hakuna kitu, kesho hakuna kitu, halafu siku moja mikono inaanza kuwasha, vipele vinatokea kati ya vidole na kwenye vifundo, macho yanavimba. Mwili ukishaikataa epoksi, mara nyingi unaikataa maisha yote, na fundi huyo hawezi tena kuikaribia. Nimeona kijana mwenye mkono mwepesi kuliko wangu akiacha kazi hii kwa sababu hiyo. Alikuwa akikoroga bila glavu na kujisafisha kwa thina. Thina ndiyo mbaya zaidi, inayeyusha rezini na kuipeleka ndani ya ngozi. Ikikumwagikia, futa kwa karatasi kavu kisha uoshe kwa sabuni na maji mengi.

Glavu ziwe za naitrili. Zile nyembamba za mpira za hospitalini hazitoshi. Madirisha yafunguliwe. Kama chumba ni kidogo, barakoa iwe ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, kwa sababu barakoa ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo. Wakati wa kupiga msasa epoksi iliyoganda, avae barakoa ya vumbi. Mama mjamzito, watoto na mwenye pumu walale kwingine usiku huo wa kwanza.

Jambo moja zaidi la usalama ambalo wengi hawalijui: mchanganyiko ukiachwa kwenye ndoo unajichemsha. Lita kadhaa zikisahaulika nusu saa zinaweza kufuka moshi na kuyeyusha ndoo. Ukishakoroga, mwaga.

Kisumu kuna joto na unyevu. Inafaa?

Inafaa, ukichagua siku na saa. Joto la kati ya nyuzi 21 na 29 ndilo zuri, na Kisumu inalo. Shida ni unyevu. Hadina inapokutana na unyevu wa hewani na hewa ya kaboni kabla haijashikana na rezini, juu hutokea utando mweupe wenye mafuta mafuta, kana kwamba mtu amepitisha mkono wenye siagi. Ukiupata, usimwage tabaka lingine juu yake, halitashika. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha, piga msasa, ndipo uendelee. Kati ya Machi na Mei, mvua ndefu zikiwa zimekolea, mimi huahirisha kazi ya karibu na ziwa.

Halafu kuna visubi wa ziwani. Mtu wa Nairobi hataamini, ila mkaaji wa Kisumu anajua lile wingu linalopanda kutoka majini kama moshi na kufuata taa. Epoksi huchukua saa kadhaa kabla haijakauka kiasi cha kutonasa mdudu. Niliwahi kumaliza kaunta saa kumi na mbili jioni, nikawasha balbu ili nitazame mapovu, na asubuhi nikakuta mamia yao wamelala ndani, mabawa yamenyooka, kila mmoja na mguu wake unaonekana. Nilisugua siku nzima.

Sasa nafanya hivi. Siku moja kabla, napaka tabaka jembamba la kuziba vitundu vya zege, ili hewa iliyo ndani isipande kuwa mapovu jua likiipasha slabu. Siku ya pili namwaga asubuhi, umande ukishaondoka, na ikifika saa kumi jioni nimeshafunga madirisha yenye wavu, nimefunika kaunta kwa hema la nailoni lisiloigusa, na taa zote za jikoni zimezimwa.

Na Nakuru, kwenye baridi na vumbi?

Usiku wa Julai Nakuru joto hushuka hadi nyuzi 10 au chini, na epoksi ikiwa baridi huwa nzito kama asali, hushika mapovu na kuchelewa kuganda. Rezini ikiwa na ukungu mkebeni, usiitupe. Kalisha mkebe kwenye maji ya vuguvugu hadi iwe angavu. Kwa vumbi, hasa Lanet na Kiamunyi barabara zikiwa kavu, fagia siku iliyotangulia na unyunyize maji sakafuni. Usifagie siku ya kumwaga.

Nitahitaji lita ngapi?

Zidisha urefu kwa upana kwa unene. Kaunta ya mita 3 kwa sentimita 60 ni mita za mraba 1.8. Kwa unene wa milimita 3 hiyo ni lita 5.4. Ongeza lita moja hivi kwa tabaka la kuziba na kwa inayochuruzika ukingoni. Fundi akikwambia lita 3 zinatosha kaunta hiyo, muulize atamwaga unene gani.

Kwenye bei, usilinganishe epoksi peke yake na graniti iliyofungwa tayari. Weka pamoja lita zote, rangi, msasa, fila, glavu, barakoa na siku za fundi. Kumwaga kwenyewe hakuzidi saa moja. Kuandaa uso huchukua siku mbili, na pesa za fundi ziko hapo. Kwa graniti nako, uliza kama bei ya mita ina kukata tundu la sinki na kulainisha ukingo.

Duka limeniuzia rezini ya bei ya chini sana. Nimepata bahati?

Tazama chupa ya hadina. Epoksi huja na mikebe miwili inayokaribiana ukubwa, ya kuchanganywa kwa kipimo cha sehemu moja kwa moja au mbili kwa moja. Kama umepewa mkebe mkubwa na kichupa kidogo cha kutiwa matone, na harufu inachoma pua, hiyo ni poliesta ya mafundi wa faiba, wale wa matangi na bodi za magari. Ni nzuri kwa kazi yake. Kwenye kaunta hupungua inapokauka, haishiki zege vizuri, na jikoni itanuka kwa siku nyingi.

Mkanganyiko huu umewaharibia wengi kazi, kwa maana fundi aliyezoea poliesta anajua kwamba akitaka ikauke haraka anaongeza matone. Kwa epoksi kuongeza hadina hakuharakishi kitu. Kunaacha kaunta inayonata milele. Kipimo ni kile kilichoandikwa. Koroga polepole dakika tatu hadi tano ukikwangua kando na chini ya ndoo, kisha hamishia ndoo nyingine safi ukoroge tena.

Slabu yangu ni mpya. Tuanze lini?

Baada ya siku 28 angalau, na uipime. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kila upande, funga kingo zote kwa selotepu, uache hadi kesho yake. Ukikuta matone chini ya nailoni au zege limekuwa jeusi, bado kuna maji.

Juu ya vigae je?

Inawezekana. Visugue hadi ule mng'ao uishe, ziba mifereji yote kwa fila hadi uso uwe sawa kwa pimamaji, la sivyo utaona miraba ya vigae ikichungulia chini ya rangi. Kigae kinacholia pwaa ukikigonga kitolewe.

Nina ubao mpana wa grevilia. Je, nimwagie epoksi?

Subiri ukauke. Grevilia na mkaratusi zikiwa mbichi hupinda na kupungua, na epoksi itaachana nazo. Unyevu wa mbao unatakiwa uwe chini ya asilimia 12, na kuna kidude cha kupima hilo. Seremala makini anacho au anajua mwenye nacho. Ubao wa unene wa sentimita 5 ulioanikwa kivulini unaweza kuchukua miaka miwili. Pia epoksi ya kujaza pengo pana la ubao ni ya aina nyingine, inayoganda polepole; ile ya kaunta ikimwagwa sentimita kadhaa kwa pamoja hujichemsha na kupasuka.

Naishi nyumba ya kupanga.

Pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Epoksi haibanduki, kuitoa ni grainda na vumbi.

Ni ya kuoshwa kwa nini?

Maji, sabuni ya maji na sifongo laini. Majivu, mchanga na waya ya sufuria viwe mbali nayo, hasa kwa msaidizi wa nyumbani aliyelelewa akisugua sufuria kwa majivu hadi zing'ae; mwonyeshe kwa upole, kwani kwake huo ndio usafi. Usitie dawa ya kuondoa rangi ya kucha wala dawa ya kusafishia oveni. Manjano na jiki zikimwagika, futa mara moja.

Ikikwaruzika au ikiungua, ndiyo basi?

Hapa epoksi ina heri kuliko vigae. Mikwaruzo midogo hung'arishwa kwa dawa ya kupolishi ya magari. Duara la sufuria husuguliwa kwa msasa namba 120 hadi kovu liishe, kisha kaunta nzima hupigwa namba 220, hufutwa vumbi lote, na tabaka jembamba jipya linamwagwa. Kiraka cha mahali pamoja huonekana daima, kwa hivyo ni vyema kumwaga yote. Yule mama wa ugali nilimrudishia kaunta yake kwa njia hiyo, bila malipo.

Niitumie lini baada ya kumwagwa?

Baada ya saa 24 unaweza kuigusa. Baada ya saa 72 weka vikombe na sahani. Vitu vizito na maji mengi visubiri siku 7, na baridi ya Nakuru ikiwa kali ongeza siku tatu. Ugumu wake kamili unaweza kuchukua hadi mwezi, kwa hivyo mwezi huo wa kwanza hata kikombe cha chai moto kipe kitu cha kukalia.

Mchanganyiko uliobaki niumwage wapi?

Usimwage kwenye sinki wala kwenye mtaro. Mitaro ya Kisumu inaishia ziwani, na ya Nakuru vilevile ina ziwa lake. Utandaze mwembamba juu ya kipande cha nailoni nje, mbali na watoto, uuache ugande. Kesho yake utabanduka kama kioo, na hapo unaweza kwenda na takataka nyingine.